Nyumba Isiyo na Tundu

"Vumbi lisipotoka, tutatoka sisi," Renae alisema, na alisema akiwa wima, koti bado mwilini, ili ieleweke kwamba hakuja kubishana na mtu.

Alikuwa ametoka kwa daktari na bintiye Britta, mtoto wa miaka saba, ambaye sasa alikuwa amekaa chini mlangoni akivua mabuti ya theluji huku akipumua kama mtu anayepuliza kuni mbichi. Ni pumu, daktari alisema, na kuna kitu humo nyumbani kinachoichokoza. Mna paka? Hatuna. Kuna anayevuta sigara? Hakuna. Sasa mna nini? Ndipo Renae alipolazimika kueleza kwamba baba yake ana karakana ya useremala chini ya nyumba, na kwamba kutwa nzima anachana mbao.

"Alinitazama kana kwamba namlisha mtoto misumari," alimwambia mama yake.

Mama yake, Marlys, alikuwa kwenye sinki akimenya viazi. Hakugeuka. Renae na mtoto walikuwa wamehamia hapo mwishoni mwa kiangazi, baada ya mume wa Renae kugundua kwamba anapenda mtu mwingine na mji mwingine, na tangu siku hiyo Marlys alikuwa na sababu ya kuamka asubuhi. Palikuwa na wa kumsuka nywele, wa kumpikia uji, wa kumgombeza kuhusu soksi. Hakutaka kitu chochote duniani zaidi ya hicho. Hakuwahi kulisema, kwa kuwa watu wa huko kaskazini mwa Minnesota huona ni utovu wa adabu kumwambia mtu kwamba unamhitaji.

Chini ya miguu yao msumeno wa meza ulilia, ukanyamaza, ukalia tena.

"Nitazungumza naye," Marlys alisema.

"Umeshazungumza naye, Mama. Safari hii mwambie."

*

Kumwambia Verlyn Aho afunge karakana halikuwa jambo dogo. Alikuwa mstaafu wa kiwanda cha karatasi, mtu mrefu, mwenye maneno machache ambayo karibu yote yalikuwa ya utani. Mwaka wa kwanza wa kustaafu, kabla hajanunua zana, alishinda kwenye kochi la dirishani akitazama magari ya watu, na Marlys alianza kuogopa kwamba siku moja angerudi kutoka dukani na kukuta koti tupu limeketi pale. Kutengeneza viti vya kubembea vya mwaloni ndiko kulikomnyanyua. Kwa hiyo mama wa watu alikuwa njia panda: akifunga karakana, anampoteza mume huku anamwona, asipoifunga, binti anafunga virago.

Jioni hiyo alitenga nyama ya kusaga iliyookwa na viazi, chakula ambacho hakijawahi kumkasirisha mtu.

"Vumbi la mwaloni halijaniua mimi," Verlyn alisema, akijipakulia.

"Wewe huna pumu, Baba. Na hata hivyo unakohoa kama trekta."

"Trekta linalolima."

"Babu, jana ulikohoa mpaka picha ya ukutani ikacheza," Britta alisema.

Verlyn aliweka uma chini. Maneno ya binti aliyaweza, ya mjukuu yalimchoma.

"Si kuna zile mashine za kunyonya vumbi?" Marlys aliuliza, macho yake kwenye kichupa cha chumvi. "Zile kubwa. Zenye mabomba."

"Zipo."

"Basi?"

"Zipo, na bei zake zipo."

"Uza mashua."

Mashua ile ya kuvulia samaki ziwani, yenye injini aliyoifungua na kuifunga kwa mikono yake kila masika, Verlyn alikuwa akiifunika turubai vizuri kuliko alivyojifunika mwenyewe. Alimtazama mtoto, ambaye alikuwa akitafuna taratibu ili apate nafasi ya kupumua.

"Ina injini nzuri ile," alisema hatimaye, na wote wakajua amekubali.

Renae hakushukuru. Alikuwa amechoka na roho ilikuwa juu juu tangu asubuhi. "Isipande hata chembe, Baba. Nasema hata chembe moja. La sivyo nitatafuta chumba mjini Duluth."

*

Mashine ilikuja imefungwa kwenye mbao, na mota yake ilikuwa nzito hata ikabidi aitwe Duane Pelto, jirani wa nyumba ya pili, aliyefanya kazi ya kufunga matanuri ya kupashia nyumba mpaka magoti yakamkatalia. Walishuka nayo ngazi kwa ngazi, wakitukanana kwa upole.

Ilikuwa feni kubwa iliyokaa juu ya koni ya bati, na chini ya koni pipa. Msumeno, mashine ya kuranda na ya msasa, kila moja ilipata bomba lake lenye kilango cha kufungua na kufunga. Vumbi huvutwa, huzungushwa ndani ya koni, zito likaangukia pipani. Linalobaki ni lile jepesi lisiloonekana, na hilo ndilo linaloingia mapafuni. Wengine hulipitisha kwenye kichujio, hewa ikarudi chumbani, lakini Verlyn alikuwa ameahidi hata chembe, na hakuna kichujio alichokiamini. Alitoboa ukuta juu ya msingi wa nyumba akalitoa bomba la mwisho nje, liteme kila kitu kwenye theluji.

Kisha akaanza kuziba. Aliuvisha mlango wa ngazi mpira pande zote, akajaza povu kila ufa wa dari, akabandika utepe wa bati kwenye kila kiungo cha bomba. Alifanya kazi hiyo kwa moyo wote, akipiga mluzi, na Marlys akimsikia kutoka jikoni alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Siku ya kuwasha alishuka na kahawa na sahani ya biskuti. Duane alikuwa amesimama mikono kiunoni. Alilitazama bomba lililotoka nje, kisha tanuri lililokuwa pembeni, kisha tangi la gesi la kuchemshia maji, kisha dohani iliyopeleka juu moshi wa vyote viwili.

"Kwa hiyo hewa yote inakwenda nje," alisema.

"Yote."

"Na ya kuingia, inaingilia..."

"Haiingii. Nimeziba kila mahali. Umeona ule mlango?"

Duane alijikuna shingo. Alikunywa kahawa kwanza. "Naam," alisema. "Hiyo nayo ni njia."

Mgeni angedhani amesifu. Pande zile, mtu akikwambia hiyo nayo ni njia, amekwambia kwamba umekosea vibaya, na kwamba ni malezi mema tu yanayomzuia kuendelea. Verlyn alielewa, uso ukamkaza, na malezi mema yakamzuia kuuliza. Duane naye aliona ameeleweka, akahesabu kwamba wajibu ameutimiza. Marlys, aliyebaki kwenye ngazi na sahani yake, alielewa kuwashinda wote wawili. Angeweza kusema, haya, Duane, tema ulicho nacho. Lakini kazi ilikuwa imekamilika, Renae alikuwa njiani kurudi, na swali lingesimamisha kila kitu.

"Nani anataka biskuti?" aliuliza.

Verlyn akawasha. Mlango wa ngazi ulijifunga wenyewe kwa kishindo nyuma ya Marlys. Juu sebuleni, plastiki ya madirishani, ile ambayo kila familia huibandika kabla ya baridi na kuikaza kwa mashine ya kukaushia nywele, ilivimba kuelekea ndani kama tumbo la mtu aliyeshiba. Verlyn alipanda kuitazama. Aliigusa kwa kidole, akacheka peke yake.

"Unaona?" alimwambia mkewe. "Nyumba haina hata tundu."

Huko hakuna sifa ambayo mwenye nyumba angeweza kujipa ikaizidi hiyo, na Marlys alimpiga kofi dogo la mgongoni kumpongeza.

*

Wiki ya kwanza ilikuwa ya heri. Renae alipitisha kidole juu ya friji akakitazama, kikawa safi. Britta alipanda ngazi bila kusimama katikati. Verlyn alijitia hamnazo, lakini kila mtoto alipovuta pumzi aliinua kichwa kusikiliza.

Halafu kengele ya gesi ikalia. Ilikuwa kidude cheupe kilichobandikwa ukutani kwenye ukumbi, nje ya vyumba vya kulala, na kililia mchana, Renae akiwa kazini kwake kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Verlyn akiwa chini na vifuniko vya masikio. Marlys alipanda kiti akabonyeza kitufe, kikanyamaza. Kesho yake kikalia tena.

Alisimama pale na ufagio mkononi akiwaza. Kengele ya moshi, iliyokuwa karibu na jiko, ilikuwa ikilia vivyo hivyo miaka yote Verlyn alipochana mwaloni, na kila mara ilikuwa vumbi lililoingia ndani yake. Basi na hii ni vumbi. Lakini ikiwa ni vumbi, basi vumbi bado linapanda. Na Renae akiisikia ikilia hatataka maelezo, atachukua mabegi. Hilo la mwisho ndilo lililomkaa kichwani. Aliing'oa kengele, akatoa betri, akaiviringisha kwenye taulo na kuiweka ndani kabisa ya droo ya jikoni. Alijiambia ataisafisha na kuirudisha mambo yakitulia. Hakumwambia mtu.

Tangu hapo hakupata utulivu. Alifuta meza iliyofutwa. Alipekua kabati la shuka akitafuta harufu asiyoijua. Kichwa kilikuwa kizito kila alasiri, akasema ni tufani inayokuja, kwa sababu kichwa chake kilikuwa na sifa ya kujua tufani.

"Bibi, kichwa kinagonga," Britta alisema Jumamosi. Hakumaliza mkate wake. Baadaye akatapika kidogo, akaomba msamaha kwa kuchafua zulia.

"Ni vumbi," Renae alisema jioni, akimpima mtoto joto kwa kiganja. "Mashine yako haifanyi kazi, Baba."

"Inafanya kazi. Nenda ukaone pipa."

"Mimi namwona mtoto."

Mtu aliyeuza mashua yake hana pengine pa kurudi. Marlys aliona mabega ya mumewe yakishuka, aliona macho ya binti yakielekea kwenye begi lililokuwa juu ya kabati, na akasema jambo ambalo baadaye alilirudia kichwani kila saa ya maisha yake.

"Labda unaizima mapema mno, Verlyn. Iache iwake hata usipochana kitu. Ivute mpaka hewa iwe safi kabisa."

"Kutwa?"

"Kutwa. Kesho Jumapili, iwake toka asubuhi."

Renae alifikiri kidogo. "Haya," alisema. "Nitaona Jumapili."

*

Jumapili theluji ilianguka kwa wingi hata mchungaji akatuma ujumbe kwamba ibada haipo. Renae alikuwa ameondoka alfajiri na gari la mwenzake, maana wazee hawaachwi kwa sababu ya tufani. Verlyn alishuka akawasha mashine kama alivyoagizwa, akafungua vilango vyote, mlango wa ngazi ukajifunga. Tanuri liliwaka bila kupumzika, kwa kuwa joto lote lilikuwa likitupwa nje, na hewa yake ya moto ilitoka kwenye kila tundu la kupitishia joto sakafuni kwa mvumo.

Britta alichora kidogo, akasema macho yanamuuma, akalala kwenye kochi. Marlys alifurahi kwamba analala. Mtoto mwenye pumu akilala fofofo ni jambo la kumshukuru Mungu. Alitaka kuoka mkate wa mdalasini Renae akirudi akute harufu nzuri, akapima unga, akasahau kama amepima, akapima tena. Miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Alijisemea kwamba uzee umeingia leo, tena bila hodi, akaketi.

Alimwita Verlyn. Alikwenda kuufungua mlango wa ngazi, akauvuta, nao ukakataa. Hewa ilikuwa imeukamata. Alisimama ameushika mpini, akajaribu kukumbuka alichotaka kumwambia mumewe, akakikosa. Akarudi kuketi karibu na mtoto. Mashavu ya Britta yalikuwa mekundu, ya kupendeza.

Hivyo ndivyo Renae alivyowakuta mchana, alipopewa ruhusa ya kuondoka mapema. Alifungua mlango wa mbele, na ukavutwa kutoka mkononi mwake. Aliita. Mama yake alimtazama akatabasamu, asiseme neno. Alimtikisa Britta, kichwa cha mtoto kikaenda huku na huku.

Renae alikuwa amefanya kazi na wagonjwa muda wa kutosha. Hakupiga kelele. Alimbeba mwanawe akamtoa na kumlaza kwenye theluji ya barazani, akarudi akamkokota mama yake kwa kwapa, kisha akaenda kwenye mlango wa ngazi, akaegemeza mguu ukutani na kuuvuta kwa nguvu zake zote. Verlyn alikuwa amekaa ngazi ya katikati, kichwa magotini, akijaribu kupanda tangu haijulikani lini.

*

Zimamoto ya kujitolea ya mji ule ni watu unaokutana nao dukani. Aliyeingia ndani na kipimo cha gesi alikuwa Cody, mtoto wa mwenye duka la chambo, ambaye Verlyn aliwahi kumfundisha kushika nyundo kwenye kambi ya kanisa. Alitoka haraka akasema madirisha yote yafunguliwe, tanuri lizimwe, mtu asiingie.

Ilikuwa gesi ile ile inayoua watu waliojifungia chumbani na jiko la mkaa. Mashine ilikuwa ikitoa hewa, Cody alieleza, na nyumba iliyozibwa haikuwa na pa kuingizia nyingine, basi ikaivuta kupitia dohani. Moshi wa tanuri uliotakiwa kupanda juu ukarudi chini, na feni ya tanuri lenyewe ikaugawa vyumbani kama ilivyozoea kugawa joto. Kadiri mashine ilivyowaka ndivyo walivyozidi kuvuta sumu. Alieleza huku anatazama viatu vyake, kwa aibu ya kumfundisha mzee.

Verlyn alikuwa ameketi nyuma ya gari la wagonjwa na soksi tu miguuni, kifuniko cha oksijeni usoni. Mtaa mzima ulikuwa nje. Kila mtu alikuwa ameshika koleo, na kila mtu alikuwa akizoa theluji mahali palipokwisha kuzolewa.

"Kengele yenu ya gesi haikulia?" Cody aliuliza. "Pale ukutani naona misumari tu."

Verlyn alishusha kifuniko. Hakuwa na habari ya kengele, na uso wake kwa kitambo kidogo ulikuwa wa mtu anayetaka kusema hivyo. Kisha alimtazama Marlys, aliyekuwa amefungwa blanketi kando yake. Sijui aliona nini kwenye uso wa mkewe, lakini walikuwa wameoana muda mrefu.

"Niliitoa mimi," alisema. "Ilikuwa inanikera."

Renae alikuwa akipanda gari la pili, lililombeba mtoto. Aliyasikia hayo, akageuka, akamtazama baba yake kwa namna ambayo Marlys hakuwahi kumwona akimtazama mtu, hata yule mume. Halafu mlango wa gari ukafungwa.

Marlys alikuwa na oksijeni, alikuwa na akili yake yote imerudi, na alikuwa na mdomo. Aliunyamazisha. Alijiambia atasema hospitalini.

*

Hospitalini hakusema. Britta alizinduka, akaomba juisi, akauliza kwa nini watu wote wanalia, na madaktari wakasema amewahiwa. Renae alimtoa pale akampeleka moja kwa moja kwa rafiki yake Duluth. Kwenye simu alizungumza na mama yake kwa upole, hata akamwonea huruma. "Pole, Mama," alisema. "Najua na wewe alikuficha." Upole huo ndio uliomtafuna Marlys. Alikuwa amebakiziwa mapenzi yasiyo yake, na alikuwa akiyala.

Verlyn hakusema lolote kuhusu kengele. Hakumlaumu, hakumuuliza, hakumtazama kwa jicho la namna yoyote, na Marlys angetoa chochote alau apigiwe kelele. Mzee alifungua mashine skrubu kwa skrubu, akaziba shimo la ukuta, akaandika tangazo la kuuza msumeno. Kisha akarudi kwenye kochi la dirishani.

Duane alikuja na keki iliyofunikwa karatasi ya bati. Alisimama sebuleni bila kuvua kofia.

"Nilisema hiyo nayo ni njia," alisema.

"Ulisema," Verlyn akajibu.

"Ningesema zaidi."

"Ungesema."

"Nilikuwa nataka kusema, Verlyn. Nilifika mpaka kwenye uzio siku mbili. Nikaona nitaonekana najifanya fundi kwenye nyumba ya mtu." Alitazama keki. "Mtoto mdogo vile."

"Kaa, Duane. Kula keki yako."

Walikula, na ilionekana wazi kwamba yamekwisha. Marlys aliwatazama kutoka jikoni akamwonea Duane wivu, wivu wa kweli, wa mtu aliyekosa usingizi anapomwona mwenzake anakoroma.

*

Renae alikuja peke yake kuchukua nguo. Verlyn aliposikia gari alishuka chini ili asiwe njiani. Marlys alikunja sweta za Britta, akazikunjua, akazikunja upya, mpaka Renae akamchukulia mkononi.

"Mwambie Baba asihangaike kuniletea vitu," Renae alisema. "Nitachukua mwenyewe, kidogo kidogo."

"Yuko chini. Mwambie."

"Siwezi kumtazama. Mtu anang'oa kengele nje ya chumba cha mtoto kwa sababu inamkera. Inamkera. Nimejaribu kulielewa hilo, Mama, nimeshindwa."

"Si yeye."

"Si yeye nini?"

"Si yeye aliyeing'oa." Marlys aliongea akitazama sweta. "Ilikuwa inalia ukiwa kazini. Nilidhani ni vumbi. Nilidhani ukiisikia utaondoka. Nikaiweka kwenye droo, chini ya taulo."

Renae alikaa kwenye kitanda cha mwanawe. "Alisema ni yeye. Mbele ya Cody. Mbele ya mtaa mzima."

"Alinitazama tu, akajua."

"Na wewe ukamwacha aseme."

"Nikamwacha."

"Siku zote hizi nakupigia simu nakupa pole."

"Ndiyo."

Renae aliinuka. Alipita ukumbini, akashuka chini, na Marlys akasimama juu ya ngazi asithubutu kukanyaga hata moja. Maneno hayakumfikia. Alimsikia binti yake akilia, kisha sauti nzito ya Verlyn ikisema kitu kifupi, kisha kikohozi kile cha trekta, kisha wote wawili wakicheka kidogo ndani ya kilio. Alikuwa amemrudishia mzee binti yake. Alifurahi, na ilimuuma sana, kwa kuwa alijua nafasi iliyoachwa wazi sasa ni yake.

Renae alipanda macho yakiwa yamevimba. Alichukua boksi la nguo bila kumtazama. Kwenye mlango wa mbele alisimama, akauliza kwa mazoea, kama inavyoulizwa kila mlangoni pande zile, mkono tayari kwenye kitasa kwa kuwa jibu la swali hilo ni moja tu na halichukui muda.

"Uko sawa lakini?"

"Hapana," Marlys alisema. "Siko sawa. Nakuhitaji, Renae, na kidogo nimuue mtoto kwa ajili hiyo."

Renae alibaki na boksi kifuani. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kupewa jibu la namna hiyo, na hakufundishwa la kufanya nalo. Alilitua boksi chini polepole.

"Sirudi kuishi hapa," alisema.

"Najua."

"Na nimekukasirikia, Mama. Nimekukasirikia hata sijui pa kuanzia."

"Anzia popote," Marlys alisema. "Nikasirikie hapa hapa, ila kaa kidogo."

Renae alivuta kiti.